Jiko Lilikuwa Chini

Nyumba yetu iko Mabatini, Mwanza, upande wa mlimani, mahali ambapo mawe yalitangulia na watu wakaja kujibanza katikati yake. Ukisimama uani kwetu unaliona Ziwa kwa mbali, kipande cha ukubwa wa leso, na mvua zikinyesha unausikia Mto Mirongo ukiguna bondeni. Tuko watu watano: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka minne, Bibi ambaye ni mama mzazi wa mume wangu, na mtoto wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka 21 aliyesomea ufundi wa umeme na ambaye mpaka leo ananiita Mamdogo. Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko koridoni karibu na mlango wa uani, kwa ajili ya mwanga, na karibu kila kisa cha nyumba hii kimeanzia hapo.

Mume wangu ana hisa kwenye mtumbwi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Taa huwekwa juu ya chelezo, dagaa wakaufuata mwanga, ndipo wavuvi wakawazungushia wavu. Enzi za Bibi taa ilikuwa karabai, na kwa kuwa marehemu babu alikuwa mvuvi, kazi ya kuzijaza mafuta karabai zile kila jioni ilikuwa ya Bibi. Siku hizi wavuvi wengi wamehamia kwenye taa za LED na betri. Mwanga ni mzuri, gharama ya mafuta imeondoka, lakini imeingia gharama ya betri. Betri ya volti 12 ikinyonywa mpaka ikashuka chini ya volti 10 na nusu inaumia, na ikiumizwa hivyo usiku baada ya usiku inakufa. Nani atazima taa wakati dagaa wanachemka chini yake? Betri mbili zilitufia ndani ya msimu mmoja.

Kijana akasema, "Bamdogo, hilo linatengenezeka." Akakaa siku tatu na nyaya zake juu ya kipande cha kadibodi, akatoa kidude ambacho kinawasha taa ndogo nyekundu betri ikianza kuchoka, na ikizidi kuchoka kinakata umeme chenyewe. Tulikijaribu sebuleni kwa betri kuukuu. Kilikata. Mume wangu, mtu asiyesifu ovyo, alimpa mkono kama anavyompa mtu mzima mwenzake, akamwambia atengeneze kumi na mbili.

Sasa, kidude cha nyaya juu ya kadibodi hakiwezi kulala Ziwani. Wimbi moja tu na nyaya zimeachana. Kijana alitaka saketi ya kuchapwa, ile ambayo njia za umeme ni mistari ya shaba iliyogandamana na ubao. Si ufundi mgeni duniani. Mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna aliyehamia London, aliubuni kwenye miaka ya 1930, na kila redio ndogo ya betri iliyowahi kukaa dirishani kwetu ina ubao wa namna hiyo tumboni. Nyumbani hufanywa hivi: mchoro huchorwa kwenye kompyuta, hugeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo, kisha hupelekwa steshenari kuchapwa kwa printa ya leza juu ya karatasi ya kung'aa. Wino wa printa hiyo ni unga wa plastiki. Ukiilaza karatasi juu ya bodi ya shaba na kuipiga pasi ya moto, ule unga unayeyuka na kuhamia kwenye shaba. Bodi inatumbukizwa kwenye dawa ya kula shaba, feriki kloridi, maji ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Dawa inakula shaba iliyo wazi na kuiacha iliyofunikwa na wino. Mwisho wino unafutwa kwa kiyeyusho, na mistari ya shaba inabaki inang'aa. Kazi safi kabisa kuitazama. Nimeitazama mara nyingi na bado inanipendeza.

Hasara ya kwanza ilikuwa pasi. Aliichukua yangu usiku, akaitumia, akairudisha mahali pake. Asubuhi nikaiweka juu ya gauni jeupe la kipaimara la binti wa mteja, ikaacha mstari mweusi kifuani. Nilikaa chini. Kijana akakimbia saluni ya jirani akarudi na kichupa cha asetoni, ile wanayotolea rangi ya kucha, akaifuta pasi kwa pamba mara mbili, ikang'aa kama mpya. Akataka kulifuta na gauni. Nikamwambia jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, maana fundi hajaribii kifuani. Tone moja lilipogusa pindo, bitana ikalainika, ikanatana vidoleni, ikatoboka. Kumbe bitana ile ilikuwa ya asiteti, na asetoni huyeyusha asiteti kama chai inavyoyeyusha sukari. Nikanunua kitambaa kingine, nikashona kifua upya usiku kucha. Siku hiyo nilijua kwamba kiyeyusho hakichagui wino peke yake, ila sikuendelea kufikiri mpaka mwisho. Nilifurahia pasi iliyong'aa.

Hasara ya pili ilikuwa sufuria la ugali. Alimimina dawa ya shaba ndani yake ili aipashe joto kidogo, kwa kuwa ikiwa vuguvugu inakula haraka. Hakumbuki alikuwa anawaza nini. Sufuria zetu ni za alumini, na feriki kloridi huishambulia alumini vibaya kuliko hata shaba. Ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, ikitoa povu na mvuke mkali, na kabla hajapata pa kuimwaga kitako kilikuwa kimetoboka. Uani kwetu kuna doa la kutu la ukubwa wa meza mpaka leo. Bibi aliuchukua mzoga wa sufuria lile, akautazama kwenye jua, akasema, "Mjukuu wangu, kitu kinachokula sufuria hakikosi kula mkono." Akamnunulia beseni la plastiki kwa fedha zake mwenyewe. Bibi ni mtu wa namna hiyo. Hakatazi, ananunua beseni.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba hatukuwa watu wa kulala. Kila kosa tulilirekebisha. Kijana alipata glavu, alipata miwani, pasi yangu ilirudi kwangu na yeye akanunua yake mtumba. Bodi mbili za kwanza alizifuta wino kwa kile kichupa cha saluni, pamba na matone machache, akiwa amekaa kizingitini. Hapakutokea lolote. Na kule kutotokea lolote ndiko kulikotudanganya, kwa sababu bodi kumi na mbili si mbili. Akapiga hesabu, akaona vichupa vya saluni ni ghali, akaenda duka la rangi akanunua lita moja ya tina kwa kipimo. Muuzaji akammiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Lebo ya maji ilikuwa bado imebandikwa, na tina ni nyeupe kama maji.

Ilikuwa jioni, saa moja kasoro. Mbu walishaanza, kwa hiyo nilikuwa nimefunga madirisha yote na mlango wa mbele. Nje kulikuwa na manyunyu, nikaliingiza jiko la mkaa ndani, nikaliweka hatua moja kutoka mlango wa uani, maharage juu yake. Najua kuingiza jiko la mkaa ndani ni kosa lenyewe peke yake, maana hewa yake huua. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kijana alikuwa mwisho mwingine wa koridoni, hatua nane hivi kutoka jikoni, amechuchumaa sakafuni mbele ya sinia la bati. Bodi zote kumi na mbili zilikuwa zimelala siniani na juu yake amemimina tina mpaka zikazama. Alitaka kuziloweka kwa pamoja amalize mara moja.

Nilianza kuumwa kichwa. Nikadhani ni macho, nilikuwa nimeshona tangu asubuhi. Harufu niliisikia, lakini harufu ukikaa nayo robo saa unaizoea, pua inaacha kukuambia. Ni Bibi, aliyekuwa chumbani kwake na mlango umefungwa, aliyepaza sauti:

"Nani amefungua petroli humu ndani?"

"Si petroli, Mama. Ni tina ya kijana."

"Na jiko liko wapi?"

"Jiko liko mbali," nikamjibu.

Maneno hayo matatu nimeyarudia moyoni mara nyingi. Jiko liko mbali. Nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu anakuja, na bado hajafika mlangoni pake nikaona.

Haukuwa mlipuko. Ilikuwa sauti kama kanga inayokung'utwa, vuu, na mwali wa bluu wenye ncha za njano ukatokea jikoni. Nasema jikoni. Haukutokea siniani. Ulianzia kwenye jiko, ukatambaa sakafuni kwa upana wa koridoni yote, ukapita chini ya meza yangu ya cherehani, ukamfuata kijana hatua zote nane mpaka sinia likawaka kama karai la mafuta. Yote hayo ni muda wa kuvuta pumzi moja. Saa kama ile binti yangu hukaa chini ya meza ya cherehani akichezea mabaki ya vitambaa. Jioni ile alikuwa kwa jirani anakula.

Kijana alifanya kile ambacho kila mtu angefanya. Alilishika sinia ili alitoe nje.

"Liache!" Sijawahi kumsikia Bibi akipiga kelele namna ile. "Liache chini! Toka wewe!"

Aliliacha, lakini lilikuwa limeshayumba, na tina iliyomwagika ikamshika miguuni. Mlangoni palikuwa na gunia la kufutia miguu, limelowa manyunyu, zito. Bibi, mwanamke wa miaka sabini na kitu anayetembelea fimbo, alilikokota, akaliinamia lile sinia kwa upande, akalifunika kwa gunia kuanzia upande wake kwenda mbele, pole pole, kama anayemfunika mtoto shuka. Hakulitupa. Moto wa siniani ukazimika kwa kukosa hewa. Ule wa sakafuni ulikuwa umeshakwisha wenyewe. Kilichobaki ni mabaki ya vitambaa vyangu na pazia, na hivyo nilivimwagia ndoo ya maji. Baadaye nilimuuliza alijuaje. Akasema kwa miaka yote ya karabai hakuwahi kujaza mafuta mahali palipo na moto, na gunia bichi halikukosekana pembeni yake. Hakufundishwa na mtu darasani. Aliwahi kuona banda likiungua mwaloni, ikamtosha.

Jirani zetu walijaa, Mungu awabariki. Mmoja alikuja na dawa ya meno, mwingine na yai, wote kwa nia njema. Mama mmoja muuguzi anayekaa nyumba ya tatu aliwasogeza wote, akamkalisha kijana kwenye bomba la uani, akafungulia maji ya kawaida yakamtiririkia miguuni dakika 20 kwa saa. Hapana barafu, hapana yai, hapana asali. Kisha akamfunga kitambaa safi bila kukaza, tukampeleka hospitali. Aliungua magoti kushuka chini. Daktari alisema yale maji ndiyo yaliyoiokoa ngozi. Alipona baada ya wiki saba, na mguu wa kushoto una rangi mbili.

Wiki ya pili alikuja kumjulia hali mzee mmoja fundi redio wa mjini, upande wa Makoroboi, mtaa ule ambao mafundi wa bati walikuwa wakigeuza makopo kuwa taa za koroboi. Kijana alimpa shikamoo kitandani. Mzee akatazama koridoni, akaniuliza jiko lilikuwa wapi na sinia lilikuwa wapi, akapima kwa hatua zake. Nikamwambia nisichoelewa ni kimoja: moto uliwezaje kuruka hatua nane?

"Haukuruka, mama. Ulikuwa na barabara."

Akaeleza, nami nitaeleza kama nilivyoelewa. Tina na asetoni haziwaki zenyewe kama maji yaliyomo siniani. Kinachowaka ni mvuke wake. Asetoni inatoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo Mwanza haijapata kuiona, kwa hiyo huku kwetu iko tayari saa zote. Inachemka kwenye nyuzi 56 tu, ubaridi kando ya chai. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, uzito wake ni kama mara mbili. Tina ni mchanganyiko, na aghalabu ndani yake mna tolueni, ambayo mvuke wake ni mzito mara tatu. Kitu kizito kikimwagika huenda chini. Mvuke haukupanda darini kama moshi wa kuni tunaoujua. Ulimwagika kutoka ukingoni mwa sinia, ukajaa sakafuni usioonekana, ukasogea kama maji yanavyotafuta mteremko mpaka ulipokuta mkaa. Wala hauhitaji kuwa mwingi. Ikiwa katika hewa ya sehemu mia moja sehemu mbili na nusu ni mvuke wa asetoni, moto umeshapata chakula chake. Milango na madirisha niliyofunga kwa ajili ya mbu ndiyo yaliyoutunza.

Nikawakumbuka wale waliofariki Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100, pale lori la petroli lilipopinduka na watu wakakusanyika. Siku ile taifa zima lilizungumzia kuchota mafuta. Nadhani hatukuzungumza vya kutosha juu ya mvuke, juu ya hewa yenyewe kugeuka kuwa kuni.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae na mimi kidogo. Maelekezo ya dawa hizi yameandikwa na watu ambao jiko lao liko juu ya meza, kiunoni. Kwetu jiko la mkaa liko chini. Kibuyu cha maharage kiko chini. Mkeka uko chini, mtoto yuko chini, Bibi akipepeta mchele yuko chini, fundi naye anachuchumaa chini kufanya kazi yake kwa sababu meza moja iliyopo ina cherehani. Mvuke unaotambaa unakuta maisha yetu yote yamekaa kwenye njia yake. Mtu anaweza kusoma kwenye kopo kwamba weka mbali na moto, akatazama, akaona hatua nane, akaridhika. Mimi niliridhika. Nyumbani kwetu neno mbali halina maana tena kwa tina. Ama moto umezimwa kabisa na majivu yamemwagiwa maji, ama chupa haifunguliwi.

Mume wangu alitaka kuvitupa vyote. Alisema kwa hasira iliyotokana na hofu, maana alikuwa Kirumba jioni ile na alipokelewa na habari njiani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Baba yako aliunguzwa na karabai mara mbili, na hukulala njaa. Mtafutie mwanao mahali pa kufanyia kazi." Likaisha.

Mahali pake ni nje, chini ya jiwe kubwa lililo nyuma ya choo, penye meza ya mbao aliyopigiliwa na Bamdogo wake. Hufanya kazi mchana. Mchana upepo hutoka Ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukaenda Ziwani. Mvuvi yeyote atakuambia. Basi anakaa na upepo mgongoni mwake, mvuke unamkimbia badala ya kumfuata usoni. Siku ya kazi tunapika mapema, jiko linazimwa, na mimi mwenyewe naenda kulitazama. Simu haiko mezani, sigara ya mgeni haikaribii. Ndoo ya mchanga na gunia bichi viko hapo.

La kushangaza ni kwamba tina yenyewe haihitajiki sana. Yule mzee alichukua bodi moja kati ya zile zilizoungua, akaisugua kwa msasa laini na maji, wino ukatoka wote ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Kilichobaki kwenye pembe ndogo ndogo kinafutwa kwa pamba yenye asetoni kiasi cha kijiko cha chai, na kifuniko kinarudi kwenye kichupa kabla pamba haijagusa bodi. Lita nzima haikuwa na kazi yoyote nyumbani mwetu. Pamba iliyotumika hulazwa juu ya jiwe ikauke kabisa uwazini, haitupwi kwenye ndoo ya taka ya ndani ikaendelea kutoa mvuke. Na kuhusu glavu, kijana alidhani zile nyembamba za hospitali zimemkinga, kumbe asetoni hupenya ndani yake kwa muda mfupi mno, ukabaki na mkono uliolowa ndani ya mfuko. Bora pamba ishikwe na koleo dogo. Mzee aliongeza jambo moja akiwa amesimama mlangoni, na alilisema akiwa amemshika kijana begani: asetoni isikutanishwe kamwe na dawa ya maji ya oksijeni, ile ya kusafishia vidonda na kupausha nywele, wala na dawa ya kung'arisha nguo. Hakueleza zaidi ya kusema kwamba kuna watu wamekufa.

Kichwa changu cha jioni ile nacho kilikuwa na sababu yake. Tolueni huingia kwenye damu kwa pumzi na kupanda ubongoni. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye gundi wanayoivuta watoto wa mitaani hapa mjini, wale wanaolala kwenye vibaraza vya maduka. Tunapita tukisema watoto wameharibika, na mimi nilikaa robo saa nikivuta kitu kile kile nikidhani ni uchovu wa macho. Kwa mama mjamzito ni hatari zaidi, maana hufika mpaka kwa mtoto tumboni.

Ikabaki dawa ya kula shaba. Ikishatumika inageuka kijani, imejaa shaba iliyoyeyuka, na kijana alikuwa amezoea kuimwaga mtaroni. Mtaro wetu unaangukia Mirongo, Mirongo unaangukia Ziwani, na maji ya bomba tunayokunywa Mwanza yanavutwa kutoka Ziwani humo humo. Shaba iliyoyeyuka huumiza samaki hata ikiwa kidogo sana. Beseni la kijana mmoja haliwezi kuliua Ziwa, nalijua hilo, lakini mtu ambaye sahani yake ni dagaa hamwagii dagaa sumu, awe amemwaga kijiko au pipa. Sasa anaikusanya kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Ikijaa anaitilia magadi soda kidogo kidogo, nje, inatoa povu, mpaka povu liishe. Shaba na chuma vinazama chini kama tope. Tope lile analichanganya na saruji, likaganda kuwa tofali. Tunayo matofali mawili nyuma ya choo, hayana kazi nyingine, na yatakaa hapo.

Bodi kumi na mbili zilitengenezwa upya mwezi wa tatu baada ya moto. Zimefungwa ndani ya vikopo vya plastiki na kupakwa nta isiingie maji. Nimewahi kukaa uani usiku wa giza na kuziona taa za mitumbwi zikiwa zimejipanga kule mbali kama mji mwingine, nikajua kwamba kumi na mbili katika hizo zinalindwa na mikono ya mtoto wa dada yangu. Tangu wakati huo hatujazika betri.

Chupa ile ya maji yenye lebo niliikuta siku ya pili nyuma ya mlango, kifuniko kimefungwa, nusu lita imebaki, wazi na nyeupe. Ilikuwa usawa wa mkono wa binti yangu, ambaye hunywa maji kutoka chupa za namna hiyo kila siku. Kati ya yote yaliyotokea, hilo ndilo linaloniamsha usiku. Sasa vichupa vyetu viko nje kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Bibi, ambaye hakusoma sana, ameandika juu yake kwa rangi nyekundu: SUMU. Na namba ya Zimamoto, 114, iko ukutani juu ya cherehani yangu.

Ninyi mnaouza tina, asetoni na mafuta kwa kipimo, Mabatini, Igogo, Kirumba, Nyakato na kwingineko: mtu akija na chupa ya soda au ya maji, mrudisheni. Mwambieni alete kopo lenye kifuniko, mliandike jina la kilichomo, na mmuulize nyumbani kwake jiko liko wapi.